Jembe la Ukingo wa Chini: Wasifu wa Mzee Sedekia Mwaisumo, "Minesota"

Wengi waliokusanyika hapa leo walimfahamu kwa jina la Minesota kabla hawajalijua jina lake la ubatizo. Jina hilo Mzee Sedekia Mwaisumo hakujipa mwenyewe, na siku za mwanzo hakulipenda. Alipewa asubuhi ya Alhamisi, tarehe 8 Novemba 1984, katika mgahawa wa chai kando ya barabara kuu, hapa Ruaha Mbuyuni. Redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Msomaji alieleza kwamba Wamarekani walikuwa wamemchagua rais wao, na kwamba kati ya majimbo yao hamsini, arobaini na tisa yalikuwa yamekwenda upande mmoja. Jimbo moja tu, Minesota, pamoja na mji mkuu wao ambao si jimbo, ndilo lililobaki na mgombea aliyeshindwa, naye alikuwa mtoto wa jimbo hilo.

Rabson Kikoti, fundi baiskeli mwenye shamba pia kwenye mfereji, ambaye utani wake haukumwacha mtu salama, aliweka kikombe chini akamgeukia Sedekia, aliyekuwa ameketi peke yake karibu na mlango.

"Jamani, kumbe Minesota tunaye hapa hapa! Wenzake wote huku, yeye kule! Kamwene, Minesota!"

Mgahawa mzima ulicheka. Sedekia aliitikia salamu, akamaliza chai yake, akaondoka. Jambo walilokuwa wakilicheka lilitokea siku moja kabla, na litaelezwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 huko Chimala, mkoani Mbeya. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Ipyana Mwaisumo na Bibi Esnath, waliotoka Rungwe kufuata mashamba ya mpunga. Marehemu mama yake alipenda kusimulia kwamba, Sedekia akiwa na umri wa miaka sita au saba, alitumwa kuamia ndege shambani, na siku hiyo nyumbani kulikuwa na wageni, wakasahau kumwita. Walipomkumbuka jua lilikuwa limeshazama. Walimkuta bado amesimama juu ya kichuguu, sauti imemkauka kabisa, akipunga mikono kuwafukuza ndege ambao walikuwa wamekwisha kwenda kulala. Alipoulizwa kwa nini hakurudi, alijibu kwa kunong'ona kwamba hakuna aliyemwambia basi.

Alianza shule mwaka 1957 hapo hapo Chimala na kumaliza darasa la nane mwaka 1964. Nafasi za sekondari wakati ule zilikuwa chache, naye hakupata. Hata hivyo hakuacha kusoma. Yusta, mke wake, anakumbuka kwamba kipande cha gazeti kilichofungia sukari hakikutupwa katika nyumba yao mpaka mwenye nyumba awe amekisoma pande zote mbili.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa kibarua katika ujenzi wa barabara kuu iendayo Zambia, na kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Ruaha Mbuyuni mwaka 1971. Barabara ilipokwisha, wenzake walirudi makwao. Yeye aliutazama udongo, akatazama na maji ya mfereji, akaomba shamba. Alipewa eneo karibu na mwisho wa mfereji, mahali ambapo mgeni hupewa kwa sababu maji hufika huko yakiwa yamechoka. Hapo ndipo alipolima vitunguu kwa zaidi ya miaka hamsini.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Yusta Luvanda wa Kihesa, mjini Iringa. Baba mkwe, aliyekuwa fundi mwashi, alimuuliza mbele ya washenga atamlisha nini binti yake huko kwenye joto. Sedekia alifungua mfuko, akaweka mezani vitunguu vitatu. Baba mkwe alivipima mkononi kimoja kimoja, akasema, "Haya, angalau mchuzi utanukia." Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa turudi kwenye mkutano wa Jumatano, tarehe 7 Novemba 1984.

Wakulima wa mfereji walikuwa na desturi yao ya kupiga kura. Jembe ndilo lililokuwa uanachama: mwenye jembe alikwenda kuzoa matope ya mfereji kila msimu, na kwa jembe hilo alipata zamu yake ya maji. Kwa hiyo palipokuwa na jambo la kuamua, kila mwanachama alilaza jembe lake ukingo wa juu wa mfereji au ukingo wa chini, mbele ya macho ya wote. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hakuna aliyeweza kukana jembe lake.

Jambo la siku hiyo lilimhusu Bertha, ambaye mumewe, Saulo, alikuwa amefariki mwezi Agosti. Shamba lao lilipakana na la Sedekia upande wa chini. Ndugu wa Saulo walitaka kumrithi mjane, naye alikataa. Baada ya hapo ilisemwa kwamba zamu ya maji ilikuwa ya jembe la Saulo, na Saulo hayupo, basi irudi kwenye kikundi. Vitunguu vya Bertha vilikuwa vimebakiza kama mwezi mmoja kukomaa, na mvua ilikuwa haijaonesha dalili. Kumnyima zamu kulikuwa sawa na kumwambia aondoke.

Mwenyekiti, Mzee Vitus, alitangaza: "Anayekubali zamu irudi, alaze jembe ukingo wa juu. Asiyekubali, ukingo wa chini."

Majembe yalilazwa juu, moja baada ya jingine. Mwishoni lilionekana moja tu upande wa pili.

"Hili lililolala lenyewe kama mgonjwa ni la nani?" Rabson aliuliza.

"Ni langu," alisema Sedekia.

"Wewe Mnyakyusa, juzi tu umekuja na katapila, leo unatufundisha maji?"

"Sifundishi mtu. Nimelaza jembe."

Mzee Vitus hakucheka. "Sedekia, unakumbuka kwamba na zamu yako tulikupa sisi?"

"Nakumbuka, Mwenyekiti."

Nyumbani Yusta alimuuliza, "Baba Tusa, ungelaza na wenzako, nani angekuuliza?" Alijibu, "Bertha asingeniuliza. Hapo ndipo penye shida." Wiki nzima waliishi wakisubiri kuambiwa kwamba zamu yao nayo imeondolewa, na mtoto wao wa tatu alikuwa hajatimiza mwaka.

Haikuondolewa. Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku yake ya maji. Alichimba mfereji mdogo, upana wa jembe moja, kutoka pembe ya shamba lake hadi kwa Bertha, na akaanza kumwagilia huko kabla ya kwake. Mzee Vitus alifika kukagua.

"Maji haya yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda yanakoteremka, Mwenyekiti."

Mzee Vitus alisimama akitafuta kanuni iliyovunjwa, asiione. Zamu ilikuwa ya Sedekia, na hapakuwa na sheria ya mfereji iliyomkataza mtu kuyapitisha maji yake shambani mwake. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwa misimu iliyofuata. Vitunguu vya Bertha vilikomaa. Vya Sedekia vilidumaa, na Yusta alipovipanga kando ya barabara, abiria walimuuliza kupitia madirisha ya mabasi kama anauza vitunguu maji au vitunguu saumu.

Katika misimu hiyo yote, kila mfereji ulipozolewa matope, Bertha alikuja bila kuitwa, akiwa na jembe la marehemu mumewe, akafanya kazi kama wengine. Mwezi Machi 1987 Mzee Vitus mwenyewe alilirudisha jambo lile mkutanoni. Sedekia siku hiyo alichelewa kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Alipofika alikuta majembe yote yamelala ukingo wa chini, na Rabson anamsubiri.

"Ukingo wetu umejaa, Minesota. Nenda kalaze kule juu ulikotukimbia!"

Inasemwa kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza alipolicheka jina lile. Rabson alisogeza jembe lake kidogo, akampa nafasi. Bertha alipata zamu kwa jina lake mwenyewe, siku ya Ijumaa, na anayo hadi leo.

Marehemu alitumikia usharika akiwa mzee wa kanisa tangu mwaka 1990 hadi 2018. Mwezi Julai 1996 usharika ulipokea wageni wa Kilutheri kutoka Minesota yenyewe. Mchungaji alipomtambulisha kwa jina lake la utani, mama mmoja mzee miongoni mwa wageni alitaka kujua sababu. Aliposimuliwa alicheka. Alieleza, mchungaji akitafsiri, kwamba yeye alipiga kura siku ile ya mwaka 1984, na kwamba watu wasidhani jimbo lake lilikuwa na moyo mmoja. Kati ya wapiga kura kama milioni mbili, upande mmoja ulizidi mwingine kwa kura zisizofika elfu nne. Yeye na mume wake walikwenda kituoni kwa gari moja, kila mmoja akampigia mtu wake, wakarudi kwa gari lile lile.

Kwa miaka karibu kumi na miwili Sedekia alikuwa ameamini kwamba Minesota ilisimama kama mtu mmoja asiye na shaka. Akasema, "Mwambie ndaga fijo, namshukuru sana. Mwambie hata kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Jembe lilikaa mkononi muda mrefu siku ile. Ukingo wa chini ulizidi kidogo tu."

"Hilo hukuwahi kuniambia," alisema Yusta.

"Wewe uliuliza nani angeniuliza."

Tangu siku hiyo aliliitikia jina hilo bila kinyongo. Wanawe wanashuhudia kwamba hakuwahi kuwasema vibaya waliolaza majembe juu. Aliwaambia kwamba huenda wengi wao nao walizidiwa kidogo tu, upande wa pili.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari, ambao baadaye uliathiri figo. Mwaka 2023 alihamia Kihesa kwa binti yake Tusajigwe ili awe karibu na matibabu. Mwezi Aprili mwaka huu wa 2025 aliomba kurudi shambani. Familia ilikutana kulijadili.

"Baba, sisi wote tunasema ubaki," Tusajigwe alimwambia.

"Sawa, mama. Hilo nimelizoea."

Walimrudisha. Ijumaa jioni, tarehe 13 Juni, hali yake ilibadilika, akakimbizwa hospitali mjini Iringa, na huko akafariki dunia alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Familia inawashukuru wauguzi na madaktari waliomhudumia, usharika, na wakulima wote wa mfereji.

Marehemu ameacha mjane, Yusta. Watoto watatu, Tusajigwe, Ipyana na Eveline. Wajukuu wanane na kitukuu mmoja. Na dada yake, Bibi Sifaeli, aliyesafiri kutoka Chimala. Bwana aliyempa zamu yake duniani, na ampe sasa pumziko lake.

Familia imeomba wasifu huu usiishie hospitalini. Alhamisi, tarehe 12 Juni, ilikuwa siku yake ya maji. Alikwenda shambani asubuhi akiegemea mpini wa jembe, akaufungua kwanza mfereji ule mdogo. Bertha alimwona kutoka shambani kwake.

"Baba Tusa, zamu yangu ni kesho!"

"Kesho utapata tena."

Alisubiri mpaka maji yalipofika jaruba la mwisho la Bertha. Akaziba kwa udongo, akayageuzia kwake, na yalipokuwa yametosha akafunga mlango wa maji, akaukandamiza kwa kisigino. Kisha akaliosha jembe, akalilaza ukingo wa chini likauke.