Gauni la Mama Redio

Sogeeni hapa, wanangu, na wewe kitindamimba wangu futa hayo machozi, utalia baadaye, muda utaupata. Sasa hivi nataka masikio yenu, maana sauti imebaki kidogo na sitaki kurudia neno.

Nyumba ni yenu wote watatu, asiuze mtu. Cherehani zote mbili na ule mkasi mkubwa ni vya kitindamimba, na ole wake atakayeukatia karatasi. Chumba cha ushonaji atakisimamia kaka yenu mkubwa. Lakini kile kiti changu cha kushonea, chenye magurudumu, nilichokuwa nikijisukumia kutoka mezani hadi kabatini bila kunyanyua makalio, kitoeni humu, mpeni yeyote asiye wa damu yangu. Msicheke. Naona haya hata kukitaja.

Sukari iliponianza, yule muuguzi wa kliniki, binti mpole, hakuniambia nikakimbie uwanjani na vijana. Aliniuliza siku yangu inavyokwenda tangu asubuhi, kisha akasema, mama, mazoezi usiyatafute mbali, kazi yako yenyewe imejaa safari: ukimaliza kushona nguo, inuka uipeleke mwenyewe kwa mteja, ukishakula, zunguka mtaa kidogo kabla ya kurudi kwenye cherehani, weka peremende mfukoni usije ukaishiwa nguvu njiani, vaa viatu vya kufunika miguu, na jioni kagua nyayo zako. Basi. Jambo jepesi hivyo, wanangu, na mimi likanishinda.

Lilinishinda kwa aibu. Siku ya kwanza nilibeba sketi ya mteja mkononi, na sijampita hata kinyozi, Mama Redio akanipaazia sauti kutoka mlangoni kwake: "Jamani fundi, biashara imekufa mpaka unatembeza nguo mwenyewe?" Watu wakaangua kicheko. Nilirudi nimelowa jasho, wala si la kutembea. Tangu hapo nikawa bosi wa kukaa. Nguo ya nyumba ya tatu kutoka hapa, naita pikipiki. Maji ya kunywa, nawapigia kelele ninyi. Mkanichangia mota ya cherehani ili nisikanyage tena, nikawaombea dua kwa furaha, kumbe kule kukanyaga ndiyo mazoezi pekee niliyokuwa nimebakiwa nayo. Siwalaumu, mlinipenda. Mimi ndiye niliyeona heri nionekane nimekaa kuliko nionekane natembea, na kidonda kilipoingia unyayoni sikukiona, kwa sababu hata kuinama kujitazama nilikuwa nimeacha. Mguu ukaenda, wakaukata. Na Mungu ananisikia, naona haya mpaka kwenye mifupa.

Mama Redio nimemnunia miaka yote hii. Bado analeta vitambaa vyake, nami nampima kiuno bila kumtazama usoni. Nimemsamehe, mwambieni. Yeye alitania tu, kama anavyomtania kila mpita njia; aliyeufanya utani ule kuwa amri ni mimi.

Sasa wewe, mwanangu wa kwanza. Inua uso. Najua una sukari. Usimgombeze mkeo, hajafungua mdomo. Kila ukija hapa unajifungia stoo, unasema unatafuta nyuzi, na mimi nimelala upande huu wa ukuta nasikia viatu vyako, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi kati ya magunia ya vitambaa. Unatembea kama mwizi, baba. Nani alikufundisha kwamba kutembea ni jambo la kuficha? Mimi. Nimekurithisha aibu yangu kabla sijakurithisha hata kijiko, na hiyo ndiyo mali pekee ninayotaka kuondoka nayo.

Simama. Lile gauni pale ukutani ni la Mama Redio, nililikata mimi, dada yako akalimalizia pindo. Mpelekee. Usiite pikipiki, usipite uchochoroni. Pita barabarani, mbele ya kinyozi, mbele ya watu wote, na akikuuliza kama biashara imekufa, mwambie anayekufa ni mama, biashara ipo. Una peremende? Mpeni peremende. Funga vizuri kamba za viatu. Na ukirudi ukanikuta nimenyamaza, usijute hata kidogo kwamba hukuwepo. Nimekutuma mwenyewe. Nenda.

Ninyi wawili, nigeuzeni nielekee dirishani. Taratibu... huo mto. Hapo hapo. Mnizike bila maneno mengi, na mkitoka makaburini mrudi kwa miguu, wote, mkiongea. Mungu awape... awape wajukuu zangu wazazi wanaoinuka. Awalinde. Nimewabariki, mimi mama yenu, kwa moyo wangu wote.

Yuko wapi? Macho yangu... Ahaa, namwona. Amefika kwa kinyozi. Wanamtazama. Gauni amelinyanyua juu... hajainamisha kichwa.

Hapana, msimwite. Mwacheni afike.