Gata la Mama

Kibaraza cha kinyozi kina benchi moja la mbao, mguu wake mmoja umefungwa waya, na ukikaa upande wa mlango lazima umwombe mwenzako asiinuke ghafla. Hapo ndipo wanapokutana. Yupo Redio, fundi wa redio na simu, ambaye tangu azaliwe hajapata kuzimwa. Yupo Jaji, aliyekuwa tarishi wa mahakama, akasikiliza hukumu za watu miaka mingi mpaka akaanza kuzitoa mwenyewe. Yupo Mama Birika, mwenye kahawa. Na yupo kinyozi, mwenye kibaraza. Asubuhi hiyo ya mvua kiti cha kunyolea kilikuwa kitupu na shuka lake limekunjwa, maana kinyozi hakuja kunyoa. Alikuwa ametoka hospitali, alikomwacha mama yake na dripu mkononi, akaambiwa arudi saa ya kuona wagonjwa. Nyumbani hakutaka kwenda. Nyumbani choo kilikuwa kimefurika tena.

— Kunywa, mwanangu, Mama Birika alimwambia. Usiulize chochote, kunywa tu.

— Daktari kasemaje? Jaji aliuliza.

— Kasema mwili umekaukiwa maji.

— Umekaukiwa? Redio akadakia. Nyumba inaogelea, mwenye nyumba anakauka?

Redio alijutia mdomo wake, akainamia kikombe.

Lakini neno lile lilimkaa kinyozi rohoni, kwa kuwa lilikuwa kweli. Tangu mvua zianze, shimo la maji machafu nyuma ya nyumba lilikuwa halishikiki. Gari la kunyonya likija, linavuta, watu wanapumua. Ikinyesha mvua moja tu, ukimwaga maji chooni yanapanda badala ya kushuka. Miguu ya mama ilikwishachoka, na choo kilikuwa mlango wa pili kutoka kitandani kwake. Alikuwa akienda akijishika ukutani. Siku aliyompeleka hospitali, kinyozi alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ulimi mzito, midomo imepasuka, anamwita kwa jina la marehemu baba yake.

— Mimi nilishasema, Redio akaanza upya, sauti ameipunguza. Pale chini kuna chemchemi. Fundi alipochimba shimo akaitoboa. Bandu bandu huisha gogo.

— Hiyo ni ya kumaliza, Jaji akamkata. Shimo linajaa. Sema haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, mzee wangu? Cha mavi?

— Mdomo wako, Mama Birika akaonya. Kuna mgonjwa.

— Chemchemi haingoji mvua, Jaji akaendelea. Huyu ni jirani wa nyuma. Kapitisha bomba lake chini kwa chini. Kesi kama hizo nimezisikia sana: mtu anakula kwake, anamalizia kwako. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Nyuma ni kiwanja kitupu, kinyozi alisema taratibu. Hakuna nyumba.

— Ndiyo hatari yenyewe. Asiye na nyumba atamwaga wapi?

— Basi ni wale wa gari, Redio akasema. Wananyonya, wanazunguka, wanarudisha. Bomba ni lile lile moja, ndugu zangu. La kunyonya ndilo la kupulizia.

— Mchana kweupe?

— Nani anasimama kuchungulia bomba la namna ile? Unaziba pua, unageuka. Hapo hapo wanapuliza. Na kama si wao, basi ardhi yenyewe imeshiba. Dunia imeshiba! Imeanzia kwa kinyozi kwa sababu yuko bondeni. Kesho kwangu, keshokutwa kwa wakubwa.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, Jaji akahitimisha.

— Hiyo nayo imeingiaje hapa? Mama Birika aliuliza.

— Imeingia tu.

Kinyozi aliwaacha waseme. Alikuwa anakumbuka sahani ya mama ikirudi jikoni haijaguswa, na bilauri ya maji ikikutwa asubuhi imejaa vile vile. Kila akiuliza, jibu ni moja: "Nimeshiba, mwanangu." Akaamini ni uzee. Wazee hula kama ndege, alijiambia, akaenda zake kazini.

Dada yake akatokea kwenye kona, mwavuli mkono mmoja, mkoba wa nguo mkono wa pili. Ndiye mkubwa, alikuwa amefika kwa basi jana yake, aliposikia mama kazidiwa. Redio aliruka kumpisha, benchi likainama, Jaji akashikilia ukuta.

— Shikamoo dada. Karibu ukae.

— Marahaba. Sikai.

Akamgeukia mdogo wake.

— Natoka nyumbani kumchukulia mama nguo. Mvua imenikuta kule. Nimesimama mlango wa nyuma nikaangalia. Hebu niambie, maji ya paa yanakwenda wapi?

— Paa lipi?

— La nyumba yenu. Yanaingia kwenye gata, yanashuka kwenye bomba. Halafu?

Lile gata kinyozi alilifunga kwa mikono yake mwenyewe kabla ya mvua hizi. Zamani maji yalidondoka kutoka kwenye bati hadi dirishani kwa mama, yanarukia mpaka kwenye mto wake. Akazungusha gata nyumba nzima, akaleta maji yote kona moja ya nyuma, dirisha likakauka. Mama alimwombea dua siku hiyo mpaka jirani wakasikia.

— Yanakwenda chini, Redio alijaribu kumsaidia.

— Chini wapi?

Redio akaashiria ardhi kwa kikombe chake.

— Juu ya mfuniko wa shimo, dada alisema. Udongo umedidimia kama sinia, zege limepasuka pembeni, na maji ya paa zima yanatumbukia humo. Hamna chemchemi wala mchawi. Shimo linakunywa mvua.

Kinyozi alisimama, akakaa tena.

— Sikujua.

— Mama alijua. Kaniambia leo hospitali, akanikataza nisikwambie. "Aliliweka kwa ajili yangu," kasema, "nitamwambiaje kwamba limeharibu?" Akaona bora ajipunguze yeye. Asiende chooni, asiwaongezee taabu. Na ili asiende, akaacha kunywa.

Jaji alivua kofia yake, akaiweka gotini.

— Hivi, dada aliuliza, wala hakuwa na hasira, ninyi nyote mnapita pale kumwamkia. Mara ya mwisho mama kuomba maji ya kunywa ilikuwa lini?

Walitazamana. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe kilichokwishajaa, kahawa ikamwagikia mkononi.

Kinyozi hakungoja mvua ikatike vizuri, akaongoza njia ya nyumbani. Jaji aliazima jembe, Redio akapanda ngazi kwa kuwa ndiye mwepesi. Waling'oa bomba kwenye ile kona, wakaligeuzia upande wa mbele ambako ardhi inateremkia barabarani, wakachimba mfereji mdogo hadi kwenye mtaro wa mtaa na kuupangia vipande vya tofali ili maji yasiule. Kisha kinyozi akabeba udongo, karai baada ya karai, akaujaza kuzunguka shimo na kuuinamisha kwa nje, maji yasipate pa kutuama. Ufa wakauachia fundi wa zege. Muda wote huo Redio hakutoa neno. Mvua ilipoanza tena walisimama chini ya bati, wamelowa, wakayatazama maji yakikimbia kwenda barabarani. Hata Jaji alikosa methali.

Hospitali, mama alionekana mdogo kitandani kuliko alivyokuwa asubuhi.

— Umechafuka, alimwambia kinyozi.

— Nilikuwa nachimba, mama.

Mama alimtazama binti yake. Binti akajitia kuangalia dirishani.

— Amekwambia.

— Ameniambia. Mbona wewe hukuniambia?

— Ulipolifunga lile gata, ulishuka ngazini ukasema, "Mama, sasa lala." Nikalala. Nililala vizuri, mwanangu. Ningesemaje?

Kinyozi alishika ule mkono usio na dripu. Ngozi yake ilikuwa nyepesi kama karatasi, na ukiivuta haikurudi haraka. Alitaka kuomba msamaha.

— Maji sasa yanakwenda barabarani, alisema mwishowe.

— Gata limetoka?

— Gata lipo. Nimegeuza bomba tu. Dirisha lako kavu.

Mama alifumba macho. Walidhani amepitiwa na usingizi. Kumbe alikuwa anafikiri.

— Haya, alisema, nipeni hicho kikombe.

Akanywa chote. Akapumzika, akaomba kingine, akakinywa nacho, maji yakimchuruzika kidevuni na dada akiyafuta kwa ncha ya shuka. Kisha akasukuma blanketi, akapapasa kwa mguu kutafuta ndara chini ya kitanda.

— Choo cha hapa kiko wapi?

Kinyozi alimtazama dada. Dada alimtazama kinyozi. Hakuna aliyejua, na kinyozi akatoka mbio kwenda kuuliza.