Nani Kamwangusha Adelard

Kiangazi benchi la dukani kwa Odile Thibodeau hukaa kibarazani. Baridi ikianza kuuma huburutwa ndani, mbele ya jiko la kuni, na wazee wake karibu waburutwe nalo. Asubuhi ile ya Novemba, mwaka wa themanini na sita, lilikuwa linalia kwa uzito. Adelard, kaka yake Odile, aliyeliwakilisha bonde letu la viazi katika bunge la jimbo tangu nywele zake zikiwa nyeusi na suruali zikifungika kiunoni, alikuwa ameangushwa. Tena kwa kura moja. Tena na Solange Cyr, mwalimu wa kinanda! Alikuwa na muda hadi jioni kuomba kura zihesabiwe upya, na Odile alitaka aombe, upesi. Miaka yote hiyo bunge lilikuwa limemfugia kaka yake kule Augusta, mji mkuu wa jimbo. Bila bunge, kaka huyo, aliyekuwa mjane, angekaa kutwa hapa dukani, akimwelekeza namna ya kupanga makopo.

— Mmoja! alifoka mzee tuliyemwita Redio, kwa kuwa hata usingizini hazimi. Msaliti ni mmoja tu mji mzima, na leo namtoa hapa kwa pua.

— Labda hakuna msaliti, alisema Adelard, akikiangalia kikombe chake.

— Wewe nyamaza, umefiwa. Odile, mwongeze kahawa.

Odile alimwongezea. Kaka mtu hakuonekana kama mtu anayetaka kumtafuta yeyote.

— Mimi nasema ni makaburini, alisema Askofu. Jina hilo alilipata kwa kumshikia askofu mwavuli siku moja, na hajapona mpaka leo.

— Maiti hawapigi kura, Askofu.

— Zamani walikuwa wanapiga. Siku hizi wamezembea.

— Acha ujinga, alisema Redio. Ni ule mkono wa Solange. Nusu ya wanaume wa bonde hili aliwafundisha kinanda, akiwachapa vidole kwa rula. Sasa mtu ameingia kwenye kibanda cha kura, kaliona lile jina, vidole vikajikunja vyenyewe!

— Hata vyangu vilijikunja, alisema Askofu.

— Ahaa! Kumbe ni wewe!

— Vilijikunja, havikukosea! Niliweka alama kwa Adelard huku nalia.

— Basi ni Wakanada, alisema Redio, bila hata kumeza. Wamevuka mto wa mpakani wamevaa makoti kama yetu.

— Wavuke mto na baridi hii waje kumpigia kura mwalimu wa kinanda?

— Wana mpango wao. Leo kinanda, kesho daraja, keshokutwa unaamka asubuhi viazi vyako vinaimba wimbo wa malkia.

Askofu alipaliwa na kahawa, akapigwa mgongoni. Alipopata pumzi alimgeukia Adelard.

— Au ulikataa ploye kwa mtu?

Hilo lilikuwa neno zito. Kwetu mgombea huenda nyumba kwa nyumba, na kila nyumba hukaangiwa ploye, zile chapati za unga wa ngano nyeusi. Akikataa moja, amekataa ukoo.

— Nilikula kila mahali! Adelard alipiga tumbo lake, ushahidi wenyewe. Kwa mama Bouchard nilikula mpaka nikafungua mkanda mbele ya picha ya Papa.

— Basi amebaki mmoja, alisema Redio, akishusha sauti kama anatangaza kifo. Samahani, Odile. Ndugu wa damu ndio huchoshwa na mtu.

Odile aliweka mkono kiunoni, birika likifoka mvuke mkononi mwingine.

— Mimi? Mimi nimpigie Solange, ili huyu arudi hapa kunipangia makopo? Redio, hicho kichwa umepewa cha kuvalia kofia tu?

Benchi zima lilipiga kelele kwa pamoja. Katikati ya kelele hizo daktari wa ng'ombe, binti mmoja aliyehamia bondeni majira yale kutoka kusini, alikuwa amesimama penye kaunta na glavu zake mpya.

— Samahani, wazee wangu. Mzee Adelard mwenyewe alimpigia nani?

Kelele zilikatika. Masikio ya Adelard yaligeuka mekundu kama kiazi sukari.

— Jibu tu upesi tuendelee, alisema Redio.

Adelard aliinua kikombe, akanywa kahawa yote kwa mkupuo.

— Adelard, aliita Odile polepole. Wewe!

— Mama angeniona vipi? Adelard alilipuka. Mimi peke yangu nyuma ya pazia, na kalamu, najichagua mwenyewe? Si sawa na kujipakulia nyama kabla ya mgeni? Umesahau alivyotupiga kwa mwiko kwa kosa hilo?

— Na chaguzi zote zile za nyuma?

— Zote nilimpigia mpinzani. Ila nilikuwa nashinda tu!

Askofu ndiye aliyeanza. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti, kisha akateleza kutoka kwenye benchi mzima mzima, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alifungua mdomo pasitoke neno. Odile alilazimika kuweka birika chini. Alicheka akajifuta macho kwa aproni, akamtazama kaka yake, akacheka tena.

— Lakini bado nina hadi jioni, alisema Adelard kwa unyonge. Naweza kuomba wahesabu upya.

— Wahesabu nini? Odile alimtupia kofia yake. Vaa, nenda kampongeze Solange. Wewe ndiye uliyemchagua.