Kope za Mama Baruti

Mama Baruti anastaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kikosi chetu cha visima. Mhariri wa jarida ameniomba mimi, mkuu wake wa zamani, nimuage. Naandika nikiwa kitandani. Daktari ameshanong'onezana na wanangu mlangoni, na kuna jambo nimelificha ambalo sitaki kuzikwa nalo.

Kwanza sifa zake. Bunduki zetu si za vita. Hutoboa ukuta wa chuma wa kisima ili mafuta na gesi vipate njia. Mama mkwe wake hakuelewa hilo, akautangazia ukoo mzima kwamba mwanawe kaoa askari. Mama Baruti alizijaza baruti aina zote tatu. "Iliyofungiwa ndani ya bomba ina adabu," aliwaambia wageni, "inarudi juu na uchafu wake. Ya vidonge vya baruti inaacha vipande vyake humo humo kisimani, kama mume wangu na soksi."

Ya tatu ni ndefu, hushushwa kisimani kwenye ncha ya mabomba, na hulipuliwa kwa kudondosha fimbo ya chuma. Hiyo ndiyo iliyonipa jina. Fimbo ikishadondoka tuliweka viganja kwenye bomba lililotokeza juu, tukingoja mtikisiko wa mlipuko, kisha mimi natangaza: "Imepiga!" Waliniita Mkono wa Dhahabu.

Siku moja nilitangaza, vijana wakaanza kujiandaa kuivuta juu. Mama Baruti akanishika kiwiko.

"Bado, mzee wangu. Lile lilikuwa vumbi, limeniingia jichoni."

Kweli, bunduki ilikuwa haijalipuka. Tungeipandisha na baruti yake yote.

Alijuaje kwamba nilikuwa nikimtazama usoni? Tangu lini? Hakunicheka wala hakunisema. Hadi leo sielewi kama alininyamazia kwa heshima, kwa huruma, au alinichoka tu. Nimeliwaza mpaka kichwa kinauma.

Sasa nasikia vijana wanafundishwa kutangaza kwa kiganja, kama nilivyofanya mimi, na yeye baada ya Ijumaa hayupo. Acheni. Fungeni kipimo cha mtikisiko kwenye bomba.

Ahsante, dada yangu. Ukapumzike, ulale mpaka jua lichoke kukungoja. Kope zako zimefanya kazi ya watu wawili.

Kiganja changu hakikuwahi kuhisi kitu. Nilitangaza kila ulipopepesa macho.