Beki Aliyekimbia Kinyumenyume

Kitendawili!

Nawasikia huko mliko, jikoni na kazini, mnaniambia tega. Haya basi. Mlinzi wangu hana ukuta, hana rungu, njia ameiacha wazi, na bado huingii. Ni nani huyo?

Msinijibu haraka. Kiwekeni chini ya ulimi kama peremende. Tutakirudia.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Boaz Walubengo. Boaz Walubengo, seremala wa Laini Saba, Kibera. Boaz Walubengo, beki wa mpira wa magongo, ule ambao vijana wanauita hoki. Ametutoka wiki jana kwa homa ya mapafu. Ameacha mjane, Nanyama, na watoto.

Boaz alikuwa mfupi. Nasema mfupi, sisemi wa wastani. Akimaliza kutengeneza kitanda akikisimamisha nje ya karakana wateja wakione, kitanda kilimpita kichwa na shingo. Na wembamba pia alikuwa nao. Nanyama ameniambia, huku akicheka na kufuta macho kwa kanga, "Siku nilimpeleka kwetu mara ya kwanza, shangazi yangu alimsalimia vizuri, halafu akauliza bwana harusi amechelewa wapi."

Mtu huyo ndiye alikuwa beki. Na maneno yote yalianzia hapo.

Turudi mwaka wa tisini na nne. Kocha wa timu ya Laini Saba alikuwa Bwana Oloo. Oloo alikuwa amepelekwa ng'ambo, nchi ya baridi, kusomea ukocha. Alirudi na koti zito ambalo hakuwa na pa kulivalia, na kanda moja ya video. Jumapili moja mchana akakodi ukumbi wa video kule Lindi, mtaa wa hapo hapo Kibera alikopanga Boaz, akawaketisha wachezaji wake kwenye mabenchi, akaweka ile kanda.

Ilikuwa hoki, lakini hoki ya barafu. Wanaume wamevaa viatu vyenye visu chini, wanateleza, na hiyo ndiyo kazi yao, wanalipwa mshahara. Uwanja umezungushiwa ukuta wa mbao. Na mabeki, wasikilizaji wapendwa, mabeki ni majitu. Jitu linamfuata mtu, linambana ukutani, mbao zinalia puu! Ukumbi mzima ukashika mbavu kwa niaba yake.

Oloo akasimamisha kanda. "Mmeona? Beki ni mwili. Mimi nataka mabeki kama friji. Mtu akija agonge, arudi kwao."

Wote wakageuka kumtazama Boaz.

"Kocha, huyu si friji," mmoja akasema. "Huyu ni kibiriti."

Wakacheka mpaka mwenye ukumbi akawanyamazisha. Boaz akangoja wamalize. Kisha akasema, "Kocha, rudisha kidogo. Hapo. Yule mfupi. Yeye ni beki pia, ama?"

"Beki, ndiyo. Lakini achana naye. Huyo hagongi mtu, yeye anarudi nyuma tu."

"Na kile kidude cheusi wanachokipiga, kinampita?"

Oloo akatazama kanda.

"Kocha, hao wakubwa wana ukuta wa kubania watu. Uwanja wetu hauna ukuta. Friji yako itambana mtu wapi, kwa hewa?"

"Kua kwanza, Walubengo, ndiyo uje unifundishe."

Nami nitasema haki, kwa sababu marehemu alipenda haki. Oloo hakuwa akisema uongo. Mkono mrefu unafika mbali. Mwili mzito hausukumwi. Msimu uliotangulia Boaz aligongwa na mshambuliaji mkubwa akavunjika mfupa wa bega, na Nanyama ndiye aliyemvisha shati kwa muda mrefu. Kwa hiyo Oloo akamweka benchi.

Hapo Boaz akaanza mambo yake.

Kila alfajiri kabla ya kwenda karakana alivaa kaptura, kifua wazi, akaenda relini. Mnajua mataruma, zile mbao zinazolala chini ya reli. Boaz akapanda juu ya mataruma na kukimbia. Lakini alikimbia kinyumenyume. Mgongo mbele, uso nyuma, magoti yamekunjwa, mikono imetangulia chini kama mtu anayetafuta shilingi gizani.

Sasa ninyi wa kutoka magharibi, hapo mmeshaguna. Najua. Kwetu, mtu anayekimbia kabla jua halijatoka, nguo chache, na anakwenda kinyumenyume, huyo tunamjua. Ni mlogi, mchawi wa usiku. Ndiye yule anayerudi nyuma hadi mlangoni kwako akabisha kwa makalio, nisameheni watoto. Na wapangaji wa Lindi wengi wao ni wa kwetu.

Wa kwanza kumwona alikuwa jirani yake, Kageha, aliyekuwa akienda sokoni mapema. Hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akaweka kiti nyuma ya mlango, akakikalia.

Kufika jioni ploti nzima, nyumba zote za kupanga za pale, ilikuwa inajua. Ukishaanza kumshuku mtu, kila kitu kinakuwa ushahidi. Mbwa hawambwekei: mnaona? Anacheka peke yake akipiga randa: mnaona? Mtoto wa Kageha akapata homa, akaulizwa kama alipita mlango wa Boaz. Alikuwa amepita. Wote walipita hapo, choo kilikuwa upande ule.

Huko uwanjani nako, yule friji wa Oloo, beki aliyechukua nafasi ya Boaz, akaugua. Boaz akaingizwa. Na mpira haukupita. Washambuliaji warefu walimjia, naye akarudi nyuma, akarudi nyuma, kisha ghafla mpira uko kwake na wao wanatazamana. Mechi ya pili hivyo. Ya tatu hivyo.

"Angalieni soksi ya kushoto, dawa iko humo!" watu wakapiga kelele. Refa akaangalia soksi. Akatoa kipande cha msasa, ule wa kulainishia mbao. Boaz alikuwa ametoka kazini akasahau. Lakini nani angeamini kwamba msasa ni msasa tu?

Nanyama alimwambia, "Baba watoto, si uwaambie ni mazoezi?"

Boaz akamjibu, "Waache. Wakiniogopa, naongezeka kimo."

Alitania. Lakini Nanyama ananiambia kwamba pia hakutania. Washambuliaji wakubwa walimjia wakiwa na wasiwasi mguuni, na hilo lilimfaa.

Lilimfaa uwanjani. Nyumbani lilimkata. Nanyama akifika bombani, wanawake walimwachia nafasi. Heshima haikuwepo hapo. Walisogea ili mtungi wake usiguse wao. Halafu siku moja mwenye nyumba, Mama Sitelbanat, akaja mlangoni. Mama Sitelbanat ni Mnubi, mzaliwa wa hapo hapo Kibera, babu yake alikuwa askari. Hakuingia ndani.

"Walubengo, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini nikitoka kutawadha nakuona relini unakuja na mgongo. Wallahi, katika nyumba zangu sitaki mambo hayo. Mwezi ukiisha, uhame."

Usiku huo, ananiambia Nanyama, hakupika. Alimwambia mumewe neno moja tu. "Chagua. Kimo chako, ama jina letu. Mimi nimechoka kuchota maji kama mgonjwa wa kuambukiza."

Boaz akachagua.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake fainali dhidi ya Kawangware. Boaz akaazima ile kanda kwa Oloo, akaita ploti yote kwenye ukumbi wa video. Mama Sitelbanat alikuwa hajawahi kukanyaga ukumbi wa video. Akaja na mtandio wake, akakaa benchi la mbele, mgongo umenyooka kama yuko kwa chifu.

"Mtazameni yule mfupi," Boaz akasema. "Mwacheni yule jitu. Mtazameni mfupi."

Wakamtazama. Mfupi alikuwa akiteleza kinyumenyume, gongo chini, macho kwa adui. Kisha Boaz akawapeleka relini, jua la saa nane linawaka, akamwambia Kageha, "Mama, shika mwiko, nikimbize kama mimi ni mwizi." Kageha akamkimbiza. Boaz akarudi nyuma juu ya mataruma bila kugeuka wala kujikwaa. Kageha akakata kulia, Boaz yuko. Akakata kushoto, Boaz yuko. Kageha akaketi chini akiwa hoi.

"Ai! Kumbe ni kazi!" akasema.

Mama Sitelbanat akaitikia kwa kichwa. "Basi kaa," akamwambia Boaz. "Lakini uvae shati."

Watu wakacheka. Ila nyuma ya watu sauti moja ikasema, "Na huko kwa barafu, nani amewaambia yule mfupi si mlogi?" Nao wengine, wasikilizaji wapendwa, wakaacha kucheka.

Oloo alikuwa amekasirika. "Umetumaliza, Boaz. Kesho ni Sifuna. Leo usiku Kawangware yote itajua huna dawa."

Sifuna ndiye aliyekuwa mshambuliaji wa Kawangware. Kibarua wa mjengo. Mifuko ya simiti aliibeba miwili, mmoja kila bega, akiimba. Boaz alimfikia kifuani. Mara zote walizokutana Sifuna alikataa kumpa Boaz mkono wa salamu, akisema hashiki mkono wa mlogi.

Fainali ilichezewa Kawangware, uwanja wa vumbi. Sifuna alipoingia alipaza sauti wote wasikie, "Maze, leo nakuja kwa mtu! Siji kwa mlogi!"

Kawangware ikashangilia. Nanyama alikuwa amesimama kando ya mstari. Ameniambia moyo wake ulikuwa unasema mambo mawili. Sasa hana dawa, atavunjwa tena. Na pia: sasa hana dawa, na akishinda leo jina letu limesafishwa.

Laini Saba wakatangulia bao moja. Mechi ikakaribia mwisho. Sifuna akapata mpira katikati. Akampita mmoja, akampita wa pili. Kipa wa Laini Saba akatoka mapema, akateleza, akaanguka. Akabaki Boaz peke yake. Jitu na kibiriti.

Boaz akarudi nyuma. Magoti chini, gongo chini. Hakumgusa Sifuna. Hakugusa mpira. Alirudi nyuma tu, mwili ukiwa upande mmoja kidogo, mpaka wakaingia katika lile duara ambamo bao linahesabiwa. Goli lilikuwa wazi. Sifuna akainua gongo. Akapiga.

Mpira ukatoka nje. Mbali na mlingoti, wasikilizaji wapendwa. Mtu mzima angeweza kupita katikati.

Filimbi ikalia. Laini Saba wameshinda. Na kabla wachezaji hawajakumbatiana, maneno yalikuwa yamerudi. Goli wazi! Mtu hakuguswa! Sifuna, ambaye hakosi! Si mnaona wenyewe? Ile video ilikuwa ya kutufunga macho.

Watu wakamuuliza Sifuna. Yeye peke yake ndiye angemaliza maneno. Sifuna akavaa viatu vyake, akaondoka. Wakamuuliza kesho yake, wakamuuliza kwenye vibanda, wakamuuliza mjengoni. "Wacheni hayo," ndilo jibu lake. Na kunyamaza kwake kukawa kama kiapo.

Boaz hakuhamishwa. Mama Sitelbanat alishika neno lake. Bombani walimsalimia Nanyama, lakini mitungi iliendelea kusogea. Wapo waliopita karakana ya Boaz wakaenda kununua kitanda kibaya kwa mtu mwingine, kwa sababu nani atalala juu ya kitanda cha mlogi? Miaka ikapita hivyo. Mpaka wiki jana.

Nilifika kwenye matanga pale Lindi. Niliketi na Nanyama. Jioni, mlango ukajaa mtu. Alikuwa Sifuna, ametembea kutoka Kawangware. Nanyama akampa chai, akangoja aishike vizuri, kisha akamuuliza mbele yetu sote, "Sifuna. Ile siku goli lilikuwa wazi. Kwa nini ulipiga nje?"

Sifuna alitazama ndani ya kikombe. Akakiweka chini, chai haijaguswa. Akatoka nje. Nikamsikia Kageha akiguna, na nikajua guno lile lina maana gani.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Nanyama, kwa watoto, kwa jamaa wote wa Walubengo kule Kimilili wanakompokea leo, poleni sana. Poleni tena. Mungu awafute machozi. Kwa mafundi wa Laini Saba na wachezaji wenzake, poleni. Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba jambo dogo. Kesho mkichota maji, mtazameni yule mnayemsogezea mtungi. Muulizeni yeye mwenyewe anafanya nini relini.

Kitendawili changu bado kiko chini ya ulimi wenu, na sitakijibu mimi. Kitajibiwa na mtu niliyemsikia asubuhi ya leo, gari likiwa tayari kuondoka na jeneza. Ploti yote ilikuwa nje. Mama Sitelbanat alikuwepo, Oloo alikuwepo na koti lake zito. Walipotafuta watu wa kubeba, Sifuna alikuja bila kuitwa, akaweka bega lake chini ya kichwa cha Boaz. Walipomaliza kulipandisha jeneza garini, Nanyama akamshika mkono wa shati.

"Sijasahau nilichokuuliza."

"Shemeji," Sifuna akasema, na alisema kwa sauti ya uwanjani, kila mtu akasikia. "Ilikuwa rahisi watu waseme nimelogwa. Kushindwa na dawa si aibu. Nilishindwa na mtu ananifikia hapa, kifuani. Hakunigusa. Kila nilipotaka kupita aliziba, akabakisha njia moja. Nikaifuata, nikafurahi, nikaona nimempita. Nilipoinua gongo, hiyo njia ilikuwa imeishia nje. Goli lilikuwa wazi kwenu. Kwangu halikuwa. Mimi sikukosa, shemeji. Nilipiga mahali pekee aliponiachia."