Mama Makofi Anaondoka, Kamati Inabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kurekebisha yale ambayo sisi wengine tuliyaita "tayari", fundi mkuu wa sauti wa redio yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tunamwita Mama Makofi, kwa sababu haingii chumba chochote bila kupiga kofi moja kavu na kusikiliza mwangwi. Siku yake ya kwanza kazini aliingia kwa mkurugenzi wa wakati ule, akapiga kofi. Mkurugenzi, akidhani anashangiliwa, akasimama na kushukuru.

Aliajiriwa kukunja nyaya. Alizikunja miaka miwili, kisha ikagundulika kwamba ni yeye peke yake anayejua zinakoelekea. Akapandishwa cheo mara moja. Kiti kilifuata baada ya miaka minne.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote hakuifanyia hapa. Miaka mitatu iliyopita, msomaji wetu wa hadithi za jioni aliteleza kwenye ngazi zetu, zile zilizokuwa "zinashughulikiwa", akavunjika nyonga. Daktari akamkataza kupanda ngazi kwa miezi mitatu, na studio yetu iko ghorofani. Uongozi, kwa huruma yake inayojulikana, ukamtumia kadi ya pole, na siku hiyohiyo ukaanza kutafuta sauti nyingine.

Mama Makofi alipokwenda nyumbani kumjulia hali, alimkuta chumbani analia. "Dada, nikinyamaza miezi mitatu, watazoea."

"Hunyamazi. Utasomea humuhumu."

Akaomba ruhusa kazini. Uongozi ukaunda kamati ya watu watano kuchunguza iwapo chumba cha kulala kinaweza kuwa studio. Kamati ikiwa bado inachagua katibu, yeye alishabeba nyundo.

Chumba chenyewe kilikuwa hatua nne kwa tatu, sakafu ya vigae, kuta za saruji. Alipopiga kofi, kilimjibu kama pipa tupu. Mume wa msomaji, mtu mwenye moyo mwema na gundi nyingi, alikuwa ameshabandika trei za mayai ukuta mzima.

"Shemeji," Mama Makofi alimwambia, "hizi zinazuia mayai yasivunjike. Sauti haina habari nazo."

Wakazibandua pamoja, na rangi ikatoka nazo. Wakapiga fremu za mbao, wakazijaza mablanketi mazito, wakazitundika kuzunguka kiti, zikiachana na ukuta kiasi cha kiganja. Kwenye kona, ambako mngurumo hupenda kujificha, wakasimamisha mabunda manene ya mablanketi mpaka darini. Zulia chini, kabati la nguo wazi nyuma ya msomaji, na ule uwazi wa chini ya mlango ukazibwa kwa mpira wa kandambili.

Likabaki dirisha, na nje ya dirisha fundi wa kuchomelea vyuma. Hakuna blanketi linaloshindana na huyo. Mama Makofi akatoka kwenda kuzungumza naye. Kumbe watoto wake hawalali bila hadithi ile. Tangu hapo, kila asubuhi saa nne, fundi alizima mashine na kunywa chai yake taratibu. "Msomaji mwenyewe asikohoe tu," alisema.

Siku ya tano hadithi ikarekodiwa. Mama Makofi aliisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni, akajifuta macho, akasema ni vumbi la mablanketi. Hakuna msikilizaji aliyegundua lolote, isipokuwa mmoja aliyeandika kusifia studio mpya. Uongozi uliisoma barua hiyo mbele ya wageni, kwa fahari, kama ushahidi wa uwekezaji wake.

Msomaji alirudi akichechemea, akakaa kwenye kiti chake kilekile, na yupo hadi leo. Wiki iliyofuata kamati ilitoa ripoti yake: wazo lina mwelekeo, lichunguzwe zaidi.

Sasa, kwa kumtambua mtu aliyetumia ujana wake kutafuta ukimya, uongozi umemzawadia saa kubwa ya ukutani. Tumeijaribu. Inagonga kama seremala.

Mama Makofi, asante kwa kila kofi. Tunakutakia maisha mema, marefu na matulivu. Kwenye utulivu tumeanza kukusaidia: betri za ile saa tumezitoa.