Kinyozi Kafukuzwa Dukani Kwake

Asubuhi hiyo benchi la Mama Mabirika lilielemea upande mmoja, maana wanywa kahawa wote walijazana pale panapoonekana duka la Kinyozi, ng'ambo ya barabara. Mwenye duka naye alikuwa hapo hapo, aproni kiunoni, shingo kairefusha. Bintiye wa miaka kumi na saba alikuwa amemwambia kwa adabu zote, "Baba, leo niachie mimi. Nenda kanywe kahawa." Kukubali alikubali, ila roho ilibaki kule ndani. Aliogopa mtoto asije akamkata mteja, mtaa ukamcheka, asishike mashine tena maisha yake.

— Mbona kimya sana kule? alisema Kinyozi.

— Ulitaka anyoe akiimba? Mama Mabirika akamjazia kikombe.

Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki, akakohoa.

— Kwisha habari yako, ndugu yangu. Asubuhi kakuomba kiti. Mchana atabadilisha bango. Jioni unapanga foleni kwako mwenyewe! Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mgeni gani? Yule nimemzaa mimi!

— Ndiyo mbaya zaidi.

Profesa, fundi baiskeli, akatikisa kichwa.

— Tatizo ni masikio. Kitaalamu, mtoto akianza kubalehe masikio hujifunga yenyewe, yanafunguka siku akizaa wake. Ndiyo maana wakasema samaki mkunje angali mbichi.

— Kwani samaki ana masikio? aliuliza Mama Mabirika.

— Sasa umeelewa!

Kinyozi hakuwa nao. Alitia mkono mfukoni mwa aproni, uso ukamng'aa.

— Nyembe! Nimeondoka na pakiti nzima! Lazima nimpelekee.

— Kaa chini, baba, alisema Mama Mabirika. Ulishampelekea taulo. Ukampelekea miwani, na miwani yenyewe ni yako.

— Nenda bwana! akadakia Redio. Mchelea mwana kulia hulia yeye!

Kinyozi alishatia mguu barabarani mlango wa duka ulipofunguka. Akatoka bwana mmoja mgeni, kichwa kimenyolewa, akavuka, akaagiza kahawa. Kinyozi akamzunguka kama anayetaka kununua ng'ombe. Nyuma ya masikio safi. Kisogoni hata mkwaruzo hakuna.

— Wembe kautoa wapi?

— Alikuwa na pakiti yake mpya. Kaifungua mbele yangu.

Kinyozi akakaa taratibu. Furaha ilimjaa kifuani, na uchungu kidogo ukapita humo humo.

— Kumbe ni wewe, mzee, uliyekuwa ukichungulia? alisema mgeni. Nilimuuliza yule binti, akacheka. Kaniambia, "Mwache tu, bado anajifunza." Mgeni akapuliza kahawa yake, akamuuliza Kinyozi: Unajifunza kazi gani?

Redio akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe. Kinyozi akajisogeza, akaligeuzia duka mgongo, akanywa kahawa yake.